Raba zimeachama, duka linasema "umeshazivaa"

Ami, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Mwaka juzi daktari mmoja tunayefanya kazi naye alinipima presha. Akaitazama mashine, akanitazama mimi juu ya miwani, akasema, "Sista, wagonjwa unawaambia watembee. Wewe watembea?" Tangu siku hiyo nakimbia. Si mbio za kushindana. Mara tatu kwa wiki, alfajiri, natoka nyumbani, nashika Links Road, naingia ndani ndani Nyali na kurudi. Simu huniambia ni kilomita sita hivi.

Mwanzoni nilikimbia na raba za mtumba za Kongowea, shilingi 1,200, zikanivumilia mwaka mzima. Januari mwaka huu nikasema nami nijitendee haki. Nilikuwa nimejinyima miezi mitatu, nikanunua raba mpya za shilingi 16,500 kwenye duka la vifaa vya michezo ambalo limebandika mlangoni kwamba ni wakala rasmi wa kampuni inayozitengeneza. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi: kampuni inadhamini viatu hivi dhidi ya kasoro za utengenezaji kwa miezi sita tangu siku ya kununua, isipokuwa uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya.

Katikati ya Mei kiatu cha kushoto kikaanza kuachama. Mpira wa chini umebanduka kuanzia ncha ya vidole hadi karibu na katikati ya wayo. Nikikimbia unapiga lami pa, pa, pa, kama kandambili, mpaka walinzi wa mageti ya Nyali wanageuka kuangalia nani anakuja. Cha kulia bado kizima, ingawa nikikibonyeza ubavuni naona kama kuna mwanya.

Nikazibeba hadi dukani. Kijana wa kaunta alizitazama bila kuzigusa, akasema, "Dada, hivi vimevaliwa." Nikamwambia ndiyo, ni viatu. Akanionyesha kibao nyuma yake: BIDHAA ZIKISHAUZWA HAZIRUDISHWI. Nikaomba kumwona meneja. Akatoka, akatupa jicho, akasema huo ni uchakavu wa kawaida, na kwamba kampuni kubwa kama hii haitoi kitu kibovu. Dakika moja, yamekwisha. Risiti nilikuwa nayo lakini maandishi yamefifia, karatasi imebaki nyeupe kama sanda.

Ami, nina mawili ya kukiri. La kwanza, mwezi Machi nilizifua kwa mkono nikazianika juu ya bati la banda la kuku saa sita mchana, nikazisahau hadi alasiri. La pili, kabla ya kwenda dukani nilimpelekea fundi wa Makupa kile cha kushoto. Akapaka gundi kwenye ncha, akapiga nyundo mara mbili, shilingi 100. Baada ya siku mbili ikabanduka tena. Sasa anataka ashone kwa uzi kuzunguka soli zote mbili, shilingi 300, anasema, "Hizi mama utarithisha watoto."

Wifi yangu ananiambia niende tawi jingine la duka hilo, niape kwamba sijawahi kuzifua wala fundi hajazigusa. Mume wangu yeye ananicheka tu: "Viatu vya mbio vimekimbia, walalamika nini?" Na mimi mwenyewe, Ami, naona haya. Nitamwekeaje mtu juu ya meza viatu vyenye jasho langu la miezi minne?

Nina haki yoyote hapa, au nimwachie fundi ashone niendelee na maisha?

Mkimbiaji wa Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilisimama miaka tisa nyuma ya kaunta ya duka la viatu, kwa hiyo barua yako nimeisoma nikiwa pande zote mbili za meza. Fundi mwambie angoje kwanza. Mengine nitakueleza, lakini hilo lifanye leo.

"Vimevaliwa" si jibu. Waranti ya viatu imewekwa kwa ajili ya viatu vilivyovaliwa. Kiatu kilichokaa ndani ya boksi kitajulikanaje kwamba gundi yake haikushika? Yule kijana amechanganya mambo mawili ambayo maduka huyachanganya kila siku, mengine kwa kutojua na mengine kwa kujua sana. Kuna kurudisha bidhaa kwa sababu umebadilisha nia: rangi haikupendezi, saizi inabana, mume amenuna kuhusu bei. Hapo duka lina haki ya kukataa kiatu kilichokanyaga chini, na kibao chake kinafaa kwa mtu wa namna hiyo. Na kuna kudai waranti kwa sababu kitu kimeharibika kabla ya wakati wake kwa kosa ambalo si lako. Kibao hakina la kusema juu ya dai hilo.

Wala kupokea raba zilizokimbiliwa si jambo geni katika biashara hii. Brooks kule Marekani humpa anayenunua kwao moja kwa moja siku 90 za kukimbia na viatu, na asiporidhika avirudishe. Nike huwa tayari kukagua viatu vinavyodhaniwa kuwa na kasoro ya kiwandani vikiwa havijapita miaka 2 tangu tarehe ya kutengenezwa, hata kama vimevaliwa. Sheria zao hizo hazilifungi duka lako la hapa, wewe una kikaratasi chako cha miezi sita. Nakutajia tu ujue kwamba watengenezaji wenyewe hawashtuki wakiona vumbi kwenye soli.

Na meneja aliyesema kampuni kubwa haitoi kitu kibovu, mkumbushe Berlin, tarehe 27 Septemba 2015. Eliud Kipchoge alikimbia sehemu kubwa ya marathoni ile huku soli za ndani za viatu vyake, vyote viwili, zimetoka nje na kupepea kisiginoni kama masikio ya mbuzi. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, mguu unatoka damu. Vilikuwa viatu vya majaribio kutoka Nike, kampuni ambayo sidhani kuna anayeiita ndogo. Ikiwa soli ya ndani inaweza kumtoroka Kipchoge, mpira wa chini unaweza kumtoroka muuguzi wa Kisauni.

Sasa tuje kwenye kiatu chenyewe, maana hapo ndipo dai lako litasimama au litaanguka. Meneja alitupa jicho. Wewe usitupe jicho. Keti mahali penye mwanga wa dirisha, kiweke kiatu pajani kichwa chini, ufungue ule mdomo taratibu kwa vidole, bila kuupanua zaidi ya ulivyo.

Raba ya kukimbilia ina sehemu tatu zinazokuhusu. Juu ni kitambaa. Katikati ni sponji nene, mara nyingi povu liitwalo EVA, ndilo linalokufanya uhisi unadunda. Chini ni mpira mgumu unaokanyaga lami. Sponji na mpira havishonwi pamoja, hugundishwa: pande zote husafishwa, hupakwa dawa ya kutayarisha, hupakwa gundi, hupashwa moto, halafu hukandamizwa kwa mashine. Upande mmoja ukibaki na vumbi au mafuta ya kalibu, au gundi ikikauka kabla ya kukandamizwa, kiatu kitatoka kiwandani kinang'aa na kitapita mikono yote hadi mguuni kwako. Kisha kitaanza kubanduka.

Tazama kule ndani kabisa ya mdomo, karibu na katikati ya wayo, ambako gundi ya fundi haikufika. Ukiona pande zote mbili ni laini, na gundi imebaki upande mmoja tu kama utando mwembamba unaong'aa, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, basi gundi haikushika tangu mwanzo. Hilo ni la kiwanda. Ukiona vipande vya sponji vimenyofoka na kung'ang'ania kwenye mpira, gundi ilikuwa imara na kitu kingine kimevuta kwa nguvu: ulijikwaa kwenye jiwe, au ulikivua kwa kukanyaga kisigino kwa mguu mwingine, au mtoto alikivuta. Hapo dai lako ni dhaifu. Na ukiona sponji imejikunja pembeni, ina mikunjo kama kidole kilichokaa majini, au kiatu kimoja kimekuwa kifupi kuliko mwenzake, hilo ni joto. Pima hivyo viwili soli kwa soli.

Kisha geuza, uangalie mpira wenyewe. Je, zile nakshi za chini bado zipo, au kisigino na ncha vimelika hadi sponji inaonekana? Hiki ndicho kipimo halisi cha "uchakavu wa kawaida". Mpira ulioisha umechakaa. Mpira ambao nakshi zake bado zipo lakini umebanduka wote kwa pamoja, kama stika, haujachakaa, umeachia. Nilipokuwa kaunta hilo ndilo la kwanza nililotazama, na ndilo lililotutenganisha na wateja wengi bila ugomvi.

Halafu kuna hesabu, nayo iko upande wako. Mara tatu kwa wiki, kilomita sita, wiki 17 tangu Januari hadi katikati ya Mei: hiyo ni kilomita 306. Watu wa mbio hukadiria raba nzuri ya kukimbilia kilomita 500 hadi 800 kabla ya sponji kufa. Wewe hujafika hata kiwango cha chini. Na kumbuka, kinachotarajiwa kufa kwanza ni sponji, taratibu, bila kelele. Unaanza kuhisi magoti. Mpira kubanduka nusu ya wayo si kifo cha kawaida cha raba. Kama simu yako imeandika zile mbio, piga picha ya skrini. Mume wako akicheka tena mwonyeshe hesabu hiyo.

Na kile cha kulia, usikibonyeze-bonyeze tena. Ule mwanya unaouona ukiwa mahali palepale pa mwenzake, ni ushahidi mzuri kuliko wowote utakaoutamka mwenyewe. Ajali huharibu kiatu kimoja. Viatu viwili vikianza kuachia mahali pamoja, hapo mtu wa kampuni huinua kichwa.

Nije kwenye maungamo yako.

Bati la banda la kuku saa sita mchana, mwezi Machi, Mombasa. Mwanangu! Bati hilo ungeweza kulikaangia yai. Joto hulainisha gundi na hukunja sponji, na watengenezaji karibu wote huandika wazi: osha kwa mkono, anika kivulini, usiweke karibu na moto. Kwa hiyo usijidanganye kwamba halina uzito. Lakini usijihukumu pia. Viatu vyote viwili vilikaa juu ya bati lile, kwa saa zilezile, na baada ya hapo ukakimbia miezi miwili bila tatizo. Kama vipimo vya hapo juu vinaonyesha sponji haijajikunja na urefu ni sawa, joto halikufanya kazi kubwa uliyodhani.

Gundi ya fundi ina madhara zaidi, maana inaonekana. Ile gundi ya njano-kahawia ya mafundi wetu haifanani na ya kiwandani, mtu aliyezoea huitambua kabla hajakaa kitini. Kampuni nyingi zikiona kiatu kimetengenezwa na mtu mwingine hufunga faili papo hapo. Bahati yako fundi alipaka ncha tu, sehemu ya nyuma ya mdomo iko kama ilivyotoka. Ndiyo maana nasema asishone. Sindano yake itatoboa mpira, sponji na kitambaa kuzunguka kiatu kizima, na baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayeweza kusema gundi ya kiwanda ilikuwaje.

Shauri la wifi yako liache hapohapo jikoni lilipotolewa. Sikuambii hivyo kwa sababu ya dini tu. Niliwahi kuletewa njumu na kijana aliyeapa kwa mama yake kwamba hajazivaa hata siku moja, na kati ya meno ya soli mlikuwa na majani mabichi. Yawezekana njumu zile zilikuwa na kasoro ya kweli, sikujua, kwa sababu baada ya kiapo kile sikuangalia tena. Ukiapa kwamba fundi hajagusa, na gundi yake iko pale inatazamana na meneja, umemkabidhi sababu ya kukufukuza. Sema mwenyewe, kabla hajaona: "Ilipoanza kubanduka fundi alipaka gundi hapa mbele, haikushika. Huku nyuma hajagusa. Tafadhali angalia huku nyuma." Utaona mkono wake unaenda pale unapoonyesha. La bati, ukiulizwa ulizianika wapi, jibu ukweli. Usipoulizwa, huna haja ya kuanza hadithi ya kuku.

Kuhusu sheria sitakuchosha, lakini lazima ujue umesimama juu ya nini. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa kwamba ina ubora wa kuuzika, asema asiseme, na masharti yanayojaribu kuifuta dhamana hiyo hayana nguvu. Ndiyo maana kile kibao hakikuzuii. Muhimu zaidi: dhamana hiyo ni ya muuzaji, aliyepokea pesa zako. Wakikuambia "andikia kampuni Ulaya", waambie kikaratasi cha waranti ni cha kampuni, na unakitumia, lakini mkataba wa kununua ulikuwa kati yako na duka. Usikubali kurushwa kama mpira wa wavu.

Nikuambie na lisilopendeza. Umezitumia miezi minne, kwa hiyo usiende ukidai shilingi 16,500 zote mkononi. Ungezikataa wiki ya kwanza, ungekuwa na nguvu hiyo. Kwa sasa la haki, na linalopatikana, ni jozi nyingine ya aina ileile, au thamani yake ya kununulia nyingine dukani, au matengenezo ya kiwandani kwa gharama yao. Wakikupa sehemu ya pesa kwa kuzingatia kilomita ulizokwisha kimbia, si tusi.

Risiti iliyofifia isikutie homa. Zile karatasi huandikwa kwa joto, na kwa joto hufutika, hasa zikikaa kwenye mkoba. Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe una namba ya muamala, jina la duka, tarehe, saa na kiasi. Ukiwa umeufuta, taarifa ya akaunti utaipata kwenye programu ya M-Pesa. Ukiwa na tarehe na saa, duka linaweza kuitafuta risiti yao kwenye mfumo na kuichapisha tena. Siku nyingine ukinunua kitu cha bei, piga risiti picha ukiwa bado mlangoni.

Chukua pia boksi, kama hujalifanya la kuwekea chaja, na ulinganishe namba ya modeli iliyo ubavuni mwake na ile ya lebo ndogo iliyoshonwa nyuma ya ulimi wa kiatu. Lebo hiyo ina saizi, nchi ilikotengenezwa na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Namba zisipolingana, nyamaza kwanza, zipige picha, maana huenda umeuziwa bandia, na hiyo ni kesi nyingine kabisa inayowahusu Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Namba zikilingana, tazama tarehe. Raba huzeeka hata zikiwa boksini. Nilikuwa na mteja aliyehifadhi raba zake nzuri chini ya kitanda miaka sita akingoja harusi ya mdogo wake. Siku ya harusi akapiga hatua tatu, soli ikamomonyoka kama keki ya wiki iliyopita, akabaki anakanyaga makombo. Zile zilikuwa za poliurethani, povu la aina nyingine, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu, na unyevu wa pwani yetu waujua. Kwa hiyo ukikuta zako zilitengenezwa miaka mingi kabla ya Januari uliyozinunua, liandike hilo kwenye malalamiko. Hukuuziwa kitu kipya kama ulivyodhani.

Usirudi kubishana kwa mdomo kaunta. Waandikie, barua pepe au WhatsApp ya duka, maneno machache yasiyo na hasira. Kwa mfano:

"Tarehe fulani Januari nilinunua kwenu raba za modeli fulani kwa shilingi 16,500, muamala wa M-Pesa namba fulani. Katikati ya Mei, baada ya kilomita 300 hivi za lami, mpira wa chini wa kiatu cha kushoto ulibanduka kutoka ncha hadi katikati ya wayo. Cha kulia kimeanza mahali hapohapo. Nakshi za soli bado zipo. Fundi alipaka gundi kwenye ncha tu, haikushika. Sehemu iliyobaki haijaguswa. Waranti yenu ya miezi sita bado haijaisha. Naomba viatu vikaguliwe na mtu wa kampuni na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Naomba nibadilishiwe jozi. Nimeambatisha picha."

Picha ziwe tano hivi: viatu vyote kutoka juu, soli zote mbili, ule mdomo kwa karibu ukionyesha utando wa gundi, mwanya wa cha kulia, na lebo ya ulimi. Zipige kwa mwanga wa mchana, bila kumulika. Waranti inaisha Julai, kwa hiyo ujumbe utoke wiki hii. Kinachohesabika ni siku uliyolalamika, na ujumbe una tarehe. Maneno ya kaunta hayana tarehe, na meneja huyo atasahau sura yako kabla ya chakula cha mchana.

Wakisema watavituma kukaguliwa, wape, lakini usiondoke bila karatasi inayosema wamepokea jozi moja, modeli fulani, hali fulani, tarehe fulani. Hili nalisisitiza kwa aibu: dukani kwetu jozi mbili zilipotea stoo na wateja hawakuwa na karatasi.

Wakikaa kimya au wakikataa bila kueleza, una milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, na mara nyingi barua kutoka kule hufanya meneja atafute muda aliokuwa hana. Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kwa raba za 16,500, mimi ningeanza na Mamlaka. Mahakama ningeitaja tu kwenye ujumbe wa pili, kwa sentensi moja, halafu nikanyamaza. Uuguzi wa zamu unajua mwenyewe unavyokula siku, usiziuze zote kwa ajili ya jozi moja.

Umeniuliza kuhusu haya. Mwanangu, wewe unayebadilisha watu mabandeji, leo waogopa harufu ya soksi zako mwenyewe? Yule anayekagua viatu hulipwa kunusa. Ila ziandae kwa heshima. Pangusa udongo kwa kitambaa kibichi, toa soli za ndani uzipige upepo kivulini siku mbili (kivulini, nimesema), legeza gidamu ili ulimi ufunguke vizuri. Usizifue tena na usichokonoe ule mdomo kwa mswaki, utaondoa utando wa gundi ambao ndio shahidi wako. Zirudishe kwenye boksi lake. Kiatu kilichotoka kwenye boksi hupokewa na mikono miwili, kilichotoka kwenye mfuko wa sokoni hupokewa kwa vidole viwili; hayo niliyafanya mwenyewe miaka tisa, Mungu anisamehe.

Kwa sasa vaa zile za Kongowea kama bado zina pumzi. Usikimbie na hizi mpya hata kidogo, maana kila kilomita utakayoongeza itaandikwa kwenye hesabu yako, na siku mpira ule utakapojikunja chini ya vidole utaanguka kwenye Links Road mbele ya walinzi waliokuzoea.

Na jibu likija la "hapana", na Mamlaka wakasema hawana zaidi, hapo mpelekee fundi wa Makupa. Shilingi 300 ni bei nzuri. Mwambie atumie uzi wa nailoni na aanze na cha kulia, maana hicho bado hakijaachama.

Ami